Joto Lina Uso

Baba alifariki Jumanne, saa nne asubuhi, siku ya nne tangu aanze kubomoa jiko la sebuleni, lile la kuotea moto. Alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, akipanga matofali mazima upande mmoja na yaliyovunjika upande wa pili. Mimi nilikuwa kazini kwa dobi, napiga pasi mashuka ya hoteli. Mama alimwita aje anywe chai. Hakuitika. Akamwita tena kwa sauti ya kugombeza, kisha akafuta mikono akaenda kumwona. Matofali mazima yalikuwa arobaini na sita. Najua kwa sababu Baba alikuwa ameandika namba hiyo sakafuni kwa chaki, na kwa wiki mbili hakuna aliyethubutu kuifuta.

Msiba sitauandika sana. Watu walikuja, wakakaa sebuleni, na kwa kuwa ukutani kulikuwa na tundu la kupita ng'ombe, upepo ulishuka kwenye dohani ukawapiga migongoni. Shangazi mmoja alijifunika koti la mtu asiyemjua, akasema, "Ndugu yetu kaondoka kweli, lakini mlango kaacha wazi." Watu wakacheka huku machozi yanawatoka. Baba angecheka kuliko wote.

Naandika kwa sababu nimegundua nimeanza kuchanganya mambo. Juzi mjomba aliniuliza kipi kilitangulia kujengwa, mbavu za jiko au koo lake, nikababaika. Sitaki kubabaika.

Mahali tunapoishi pana baridi, miezi mitano kwa mwaka ni ya kuvaa soksi mbili. Baba alipojenga nyumba, kabla sijazaliwa, alijenga jiko kubwa ukutani ili wageni wakiingia washangae. Mdomo wake ulikuwa mpana na mrefu hivi kwamba mimi na kaka tulipokuwa wadogo tulijificha ndani yake tukiwa tumesimama. Lilimeza magogo mazima. Lakini nyumba njema si mlango. Moto ukiwaka, kigae cha kwanza cha sakafu kilikuwa kinachoma nyayo, na kigae cha tano kilikuwa barafu. Joto lote lilipanda juu likaenda zake. Kunguru wa mtaa mzima walikuwa wanakuja kukaa kwenye dohani yetu jioni.

"Tunapasha kunguru," Mama alikuwa akisema. "Angalau wangetaga mayai tukala."

Baba alikuwa fundi wa mizani. Alizunguka madukani na sokoni akirekebisha mizani iliyodanganya, na alipostaafu hakuacha kupima, ila alikosa cha kupima. Ndipo akaligeukia jiko. Kila jioni alipima kuni kwa mizani ya kuning'iniza, akaandika kilo. Kisha akapima joto kwa kumtumia Mama. Mama alianzia ukutani, mbali na moto, amejitanda shali yake. Alisogea kigae kimoja kimoja kuelekea motoni, na mahali alipoona inatosha akaivua. Hapo Baba akachora mstari kwa chaki. Aliuita mstari wa shali. Kwa miaka mingi mstari huo ulikuwa kwenye kigae cha pili, kwa kilo kumi na mbili za kuni.

"Kilo kumi na mbili kwa vigae viwili," Baba alisema. "Huyu angekuwa muuza sukari, ningemfungia duka."

Alichokuja kukigundua, alikigundua kwenye meza yangu ya kazi, na hilo najivunia kidogo. Aliniletea chakula cha mchana siku moja akanikuta nina pasi tatu za moto. Moja imelala kwenye kibao chake, mbili zimesimama wima zikinitazama. Aliuliza mbona uso wangu una jasho na mikono haina.

"Hizi zilizosimama ndizo zinanichoma, Baba. Hii iliyolala haina neno."

Akazigeuza zile mbili, akasimama nilipokuwa nimesimama. Akazigeuza tena. Mwenye duka akauliza kama mzee amekuja kutafuta kazi.

"Joto lina uso," Baba alisema, wala hakumjibu. "Likikupa kisogo, huna chako."

Chakula alisahau kuniachia. Alirudi nacho nyumbani.

Miezi miwili iliyofuata alijenga mfano. Alifinyanga tofali ndogo za udongo, akazichoma kwenye oveni ya Mama, akazipanga juu ya meza ya chakula. Jiko lilikuwa la ukubwa wa sanduku la mkate, ubavu mmoja wa kioo ili aone moshi unavyopita. Tumbo lake lilikuwa fupi, la kusukuma moto mbele badala ya kuuficha nyuma. Mbavu zilikuwa zimefunguka kuelekea chumbani kama kurasa za kitabu kilicho wazi, ili kila tofali likipata moto litazame watu. Juu ya moto kulikuwa na koo, upenyo wa kupitisha moshi kwenda kwenye dohani ya bati. Alichoma njiti za kiberiti na uzi wa pamba, akachungulia.

"Mume wangu karudi utotoni," Mama aliwaambia waliopita dirishani. "Anacheza kijumba. Kesho atanidai mwanasesere."

Siku moshi wote ulipopita kooni bila kurudi hata kidogo, Baba alimbusu Mama kwenye paji la uso mbele yangu, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Jumamosi iliyofuata alianza kubomoa jiko kubwa. Jumanne nimekwisha kuieleza.

Wiki mbili baada ya mazishi, kaka alikuja. Yeye ni muuguzi, anaishi mji mkubwa, ghorofa ya tatu, nyumba yenye mabomba ya maji moto ukutani. Alikuja na kipimajoto. Alikitundika msumarini, akasubiri, akakisoma, akamtazama Mama magoti.

"Mama, digrii kumi na mbili, na ni mchana. Hiyo baridi yabisi itakulaza kitandani."

"Wewe ulizaliwa humu humu, kwenye digrii hizo hizo. Mbona hukuganda?"

"Nilikuwa na siku moja, Mama. Wewe una miaka sabini na mmoja."

"Na ndiyo kwanza umejifunza kunihesabia? Sendi ghorofani mimi. Nikae huko juu kama njiwa, nachungulia watu utosi?"

Kiti cha Mama kiko karibu na dirisha. Kutoka pale anaona mtaa wote, na mtaa wote unamwona. Anamjua mtu kwa mwendo kabla hajatokeza kwenye kona. Anamwambia mwalimu amechelewa, anamwambia mama mwenye mapacha kwamba mmoja kavua kofia. Kumtoa hapo ni kumfunga mdomo.

Kaka hakuwa mkorofi. Alichuchumaa mbele ya Mama akamshika magoti, akasema taratibu, "Sikuja kukuteka. Lakini silali nikijua unatetemeka." Wakakubaliana mbele yangu. Angerudi Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Kama Mama angeweza kukaa kwenye kiti chake, hapo dirishani, bila shali, basi kaka angenyamaza. Kama hawezi, angeondoka naye.

Nikahesabu vigae kutoka kwenye lile tundu la jiko hadi kwenye kiti. Tisa.

Baba alikuwa ameshakwenda. Mama naye akiondoka, ningebaki mimi na tundu. Nikaomba likizo ya wiki mbili, nikaenda kumwita mjomba.

Mjomba ni mdogo wake Mama, mwashi mstaafu, na watu wote wanamwita Timazi kwa sababu ile kamba ya waashi yenye kipande cha risasi, ya kupimia kama ukuta umesimama wima, haimtoki mfukoni. Amewahi kupima mnara wa saa ya mjini, akatangaza umeinama, na hakuna aliyemuuliza. Alisimama mbele ya mfano wa Baba, mikono nyuma, kama mtu anayetazama mtoto wa jirani.

"Shemeji alikuwa mtu mwema," alisema. "Lakini jiko lake la kwanza lilikuwa limeinama kama mlevi anayetafuta ufunguo. Na hili sasa, tumbo halifiki urefu wa mkono. Kuni zitalala wapi, mapajani mwetu?"

"Hazilali, Mjomba. Zinasimamishwa, zinaegemea mgongo."

"Kuni zinasimama! Na sisi tutakaa, au nasi tutasimama kwa heshima yao?"

"Ndugu yangu," Mama akasema kutoka dirishani, "umekuja kujenga au kuhubiri?"

Akajenga. Mimi nilikoroga udongo wa mfinyanzi na mchanga, nikampa matofali, nikashika kamba. Kazi ya vipimo ilikuwa yangu. Tofali la mfano lilikuwa theluthi moja ya kidole changu cha shahada na nusu yake tena, hesabu isiyo na maana. Nikapima kwa rula nikaona kila tofali dogo linaingia mara nane kwenye tofali kubwa. Basi nikazidisha kila kitu mara nane. Upana wa mdomo mara nane. Kina cha tumbo mara nane. Mbavu tulizifungua kwa pembe ile ile. Koo la mfano lilikuwa sentimita tatu, nikaandika ishirini na nne. Nilikuwa na uhakika kama mtu aliyenakili kutoka kwa mwalimu.

Siku ya saba tuliwasha. Mjomba alisimamisha kuni kilo tisa, akatia kiberiti, akarudi nyuma kufunika pua.

Moshi haukutoka. Hata uzi mmoja. Ulipanda kooni kama umeitwa. Mjomba alivua kofia, akacheza, mzee wa miaka sitini na nane, nyonga inalia, anazunguka ndoo ya udongo huku anaimba jina la shemeji yake aliyemsema wiki nzima. Mama alipiga makofi. Mimi nililia kidogo nikasingizia moshi, na mjomba akanikumbusha kwamba moshi haupo.

Kisha Mama akajitanda shali, akaanza kutembea kutoka ukutani. Kigae cha tisa, shali mwilini. Cha nane. Cha saba. Cha sita. Alikuwa ananitazama usoni, na najua alitamani kuivua ili anifurahishe, lakini mke wa fundi wa mizani hadanganyi kipimo. Aliivua kwenye kigae cha nne.

"Vinne si viwili," mjomba alisema.

"Wala si tisa," nikajibu.

Siku tano zilibaki. Tuliongeza kuni, mstari haukusogea. Nilikagua mbavu, nilikagua mgongo, pembe zote zilikuwa sawa. Nilikaa juu ya ndoo ile ile aliyokaa Baba na kwa mara ya kwanza nikamkasirikia. Nilitaka kumuuliza swali moja tu.

Mama ndiye aliyeona. Kiti chake kiko dirishani, na macho yake huwa nje, ila siku hiyo alikuwa anatazama ndani.

"Mwanangu, hilo pazia linataka nini?"

Pazia lilikuwa limeinama kuelekea motoni. Dirisha lilikuwa limefungwa, lakini pazia liliinama, pindo lote limevutwa kama mtu anayesikiliza umbea. Nikachukua uzi, nikaushika mbele ya mdomo wa jiko. Ukanyooka kuingia ndani, ukanichomoka vidoleni, ukapotea kooni.

"Linavuta," nikasema.

"Linavuta nini? Moshi si umekwisha?"

"Linavuta chumba, Mama. Hewa tuliyokwisha kuipasha inapandia humo, na baridi inaingia kwenye nyufa za dirisha kujaza nafasi yake."

Moto ulipozimika na matofali kupoa, mjomba akaingiza mkono wake wote kooni, hadi begani. "Sasa hili ni koo au geti?" akauliza.

Hapo nikaelewa, na nacheka hadi leo. Matofali yanazidishwa mara nane. Moshi hauzidishwi. Katika jiko lile dogo la mezani, moshi wa njiti mbili ni mnyonge, haujui njia, ndiyo maana Baba alilazimika kuupa koo pana. Moto mkubwa una nguvu zake, ukipewa mlango mpana unaondoka na kila kilichomo ndani. Baba angeligundua hilo siku ya kwanza na angejicheka. Hakupata siku hiyo. Mimi nilinakili hadi kosa ambalo yeye hakuwa na muda wa kulifanya.

Tulichofanya baada ya hapo kilitupa raha kuliko siku zote. Nilichukua kipande cha bati, nikakipenyeza kooni kuziba sehemu, tukawasha moto, nikakishikilia kwa waya kutoka nje. Mjomba alisimama na rula, akipima waya ulivyoingia. Mama alikaa kwenye kiti chake, macho kayafumba, pua mbele, yeye ndiye kipimo.

"Ishirini!" mjomba akaita.

"Sinusi kitu," Mama akajibu.

"Kumi na sita!"

"Hamna. Ila magoti yameanza kuniambia habari."

"Kumi na mbili!"

"Endeleeni."

"Kumi!"

"Tamu."

"Saba!"

"Ah! Mnaniua! Rudisheni! Rudisheni, wauaji nyie!" Moshi ulikuwa umemwagika chumbani wote kwa pamoja, mjomba kafungua mlango, mimi natafuta waya kwa kupapasa, Mama anakohoa na kucheka na kututukana kwa zamu. Alikuwa hajacheka hivyo tangu Jumanne ile.

Kumi. Ndiyo ikawa kumi. Tukalijenga upya koo kwa matofali, na hapo mjomba karibu asuse, kwa sababu nilitaka tofali za mbele, zile za chini ya koo, zichongwe ziwe mviringo ili moshi uteleze badala ya kugonga kona. Timazi haipimi kitu cha mviringo. Aliizungusha mfukoni, akanung'unika kwamba cha mviringo hakina ukweli, kwamba maisha yake yote amekwepa vitu hivyo isipokuwa sahani. Lakini alichonga. Alipitisha kiganja chake juu yake mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Ijumaa udongo ulikuwa bado unakauka, hatukuthubutu kuwasha moto mkubwa. Kwa hiyo kaka alipofika Jumamosi asubuhi, mvua inanyesha, begi kubwa tupu mkononi, jiko lilikuwa halijajaribiwa. Alilisimamisha lile begi karibu na mlango, akatundika kipimajoto msumarini.

"Haya," alisema. "Nioneshe."

Nilipima kuni. Kilo nne tu, nyingine zilikuwa zimelowa. Nikazisimamisha, nikawasha. Moshi ukapita. Pazia lilitulia. Mama akakaa kwenye kiti chake, kigae cha tisa, shali mabegani, akakunja mikono. Tukakaa sisi watatu, tunamtazama kama watu wanaosubiri chungu kichemke.

Dakika kumi. Mbavu za jiko zikaanza kuwa nyekundu kwa ndani. Dakika ishirini. Mama hakuivua. Nusu saa. Nikamtazama vizuri, nikaona kidevu kimeshuka kifuani. Alikuwa amelala.

"Asiamshwe," kaka akanong'ona. Akainuka kwa tabia yake ya wodini, akaivuta ile shali akamfunika hadi shingoni, akairudisha mikono yake ndani. Kisha akarudi kukaa.

Mjomba alinikanyaga mguu. Nikamkanyaga yeye.

Kaka alivua koti. Baada ya muda akavua sweta, akaliweka juu ya koti. Akafungua vifungo viwili vya shati. Akavua viatu, akanyoosha miguu kuelekea motoni, na soksi zake zikaanza kutoa mvuke kwa ule unyevu wa mvua. Kipimajoto hakukitazama hata mara moja. Kilikuwa digrii kumi na tisa; mimi nilikitazama.

"Lakini shali hajaivua," akasema mwishowe, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. "Makubaliano ni shali."

Hapo Mama akafumbua macho. Pua ilikuwa inang'aa kwa jasho.

"Nani kanifunga hivi kama kifurushi?" akauliza. "Mnataka kunipika?" Akaitupa shali. Ilimpita mjomba ikaangukia kichwani kwa kaka, na kaka akabaki vivyo hivyo, hakuitoa, mabega yanatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kisha akalia kweli, kisha akacheka tena, na Mama akamuuliza kama huko ghorofani ndivyo watu wanavyofundishwa kukaa, bila viatu na shali kichwani.

Kaka alilala kwetu usiku huo. Asubuhi Mama alifungua kabati akatoa sweta za Baba, makoti mawili na ile suruali yake ya kazini yenye mifuko ya vipimo, akavikunja kimoja kimoja, akavipanga ndani ya begi tupu la kaka. "Vinakutosha," alimwambia. "Nimekutazama jana." Kaka akafunga zipu, akatubusu, akakimbilia basi.

Mjomba anasema tumejenga la mwenzetu, si letu. Mimi nasema tumejenga la Baba, na koo ni letu. Tunabishana kila akija, na anakuja kila siku.

Mama anaishi hapa. Moto anauwasha yeye saa kumi na moja jioni, kwa kilo nne za kuni. Majivu nayatoa mimi asubuhi kabla ya kwenda kazini.